Elfu Mbili na Mia Tano

Dukani kwa shangazi, Mtaa wa Mchikichi,
hakuna kununua kimoja. Viwili, au pita.
Sindano mia, uzi mia mbili,
kadi ya vifungo mia nne, zipu mia nane,
lastiki elfu na mia tatu,
utepe wa kupimia elfu mbili na mia,
mkasi elfu tatu na mia.
Mafundi walicheka: Bi Chausiku,
bei hizi umeziokota wapi?

Alizitafuta miezi miwili, kwa chaki,
juu ya kipande cheusi cha suti,
umeme ukikatika anawasha taa ya simu.
Kila bei aliijumlisha na kila bei,
kisha na nafsi yake,
na jumla mbili zikifanana
anafuta kwa kiganja, anaanza upya.
Hakujua kama jambo hilo lina jina.

Faida yake ilikuwa jioni.
Siwema hakuandika daftari, mikono haikumtosha;
fedha ya kila mteja aliitia katika bahasha yake,
akaitupa ndani ya ndoo.
Saa mbili, mlango nusu, shangazi anafungua, anasoma:
"Elfu na mia mbili. Vifungo na zipu.
Elfu tatu na mia tatu. Mkasi na uzi.
Mia mbili," anatabasamu,
"huyu kachukua sindano mbili."
Kila jumla na wazazi wake,
hakuna mtoto wa kugombaniwa.

Lasi niliileta mimi.
Shangazi alikuwa Muhimbili, anauguza.
Jirani anaiuza elfu na mia saba,
nami nikaibandika elfu na mia saba.
Bei ni bei.

Wiki ya tatu haikuonekana lasi moja,
wala zipu moja.
Bahasha zote nilikuwa nimezisoma kama nilivyozoea,
haikuwamo iliyotaja viwili hivyo.
Nikamwita Siwema mbele ya wateja.
Hakulia. Alivua aproni, akaikunja mara nne.
"Hesabu tena," akasema, akaenda.
Nikauita ujeuri.

Shangazi aliporudi hakuuliza mengi.
Alipanda stuli, akashuka rafu kwa rafu.
"Utepe umezidi mmoja.
Vifungo vimezidi kadi moja."

Nilihesabu kilichopungua.
Sikuhesabu kilichozidi.

Akaichomoa bahasha moja,
akaiweka kati yetu kama sahani:
elfu mbili na mia tano.
Utepe na vifungo. Lasi na zipu.
Noti zilezile, milango miwili,
na mimi niliingia ule niliouzoea.

Usiku ule chaki nilishika mimi.
Mia tisa inagongana.
Elfu na mia sita inagongana.
Elfu tatu, elfu nne, zinagongana.
Nilikwenda mia kwa mia, vidole vyeupe,
na ya kwanza iliyokaa bila kumgusa mtu
ilikuwa elfu nne na mia tano.
"Nani atanunua lasi kwa bei hiyo?"
"Hakuna," alisema shangazi, anavunja mgongo wa kiti kwa kujinyoosha.
"Mkishakuwa wengi,
asiyetaka kufananishwa hukaa mbali.
Ungeniuliza, ningekwambia tusiuze lasi."

Nimekwenda Tandika mara mbili.
Dada yake husema Siwema yupo kazini,
hasemi kazi gani.
Mara ya pili nilimwachia bahasha ile, bila barua.
Siwema ndiye aliyeuona mkono wa mteja
ukinyooka kwenye rafu, ukachagua.

Dada aliipima kiganjani.
"Hili ni deni," akauliza, "au radhi?"
Nikafungua mdomo.
Nyuma yake sufuria ilikuwa inafurika motoni,
akageuka kuiwahi,
nami nikabaki mlangoni na majibu mawili
yenye uzito mmoja.